Nyumba na Ibada Katika Picha za Shaba



Maneno yangu ya jioni hii yahusu picha ndogo, nyingi zao zisizozidi ukurasa wa kitabu, ambazo mafundi wa Ulaya walizichonga katika mbao na katika mabamba ya shaba tangu mwisho wa karne ya 15 hata katikati ya karne ya 18, wakaonyesha ndani yake watu wa kawaida, au watakatifu waliovishwa hali ya watu wa kawaida, wakizaa, wakilea, wakisokota uzi, wakiketi kula na wakimwomba Mungu ndani ya nyumba zao. Wafalme na vita vya zama hizo vilichorwa kwa rangi za thamani katika turubai kubwa, na aliyetaka kuziona turubai hizo ilimpasa kuingia katika majumba ya wakuu; bali picha ya shaba ilikwenda yenyewe kwa mnunuzi, ikauzwa sokoni, ikabandikwa ukutani, ikatiwa ndani ya kitabu cha sala, ikashikwa na watoto hata ikararuka. Kwa sababu hiyo naamini ya kuwa atakaye kujua jinsi watu wa Ulaya walivyofikiri juu ya nyumba, na juu ya wajibu wa baba, mama na mtoto mbele ya Mola wao, hana shahidi mwema kuliko karatasi hizi. Lakini ni shahidi wa namna yake, kwa maana aghalabu hasemi nyumba zilivyokuwa, husema zilivyotakiwa kuwa. Karibu kila moja ya picha hizi ni wasia, nami nitajaribu kuonyesha ni nani aliyeusia, ni nani aliyeusiwa, na ni wapi ambapo mkono wa fundi uliuvuka mpaka wa wasia ukaingia katika mapenzi.

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe, maana sanaa hii haikuruhusu haraka. Katika ubao, fundi aliiacha mistari yake isimame juu na kuchimba sehemu zote zilizoizunguka, ndipo ubao ukapakwa wino na kupigwa chapa pamoja na herufi za maandishi katika mtambo mmoja. Katika shaba mambo yaligeuka: mstari ulichimbwa ndani ya bamba lililosuguliwa hata likang'aa, kwa ncha kali ya chuma cha pua yenye kishikio cha mti kinachokaa katika kiganja, na fundi aliisukuma ncha ile kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiligeuza bamba juu ya mto wa ngozi, ili kila mkunjo wa nguo na kila unywele upate mpindo wake. Wengine walilipaka bamba mchanganyiko wa nta, wakachora juu yake kwa sindano, kisha wakalimwagia tindikali ikala shaba pale palipofunuliwa. Baadaye wino ulijazwa katika mifereji hiyo, uso wa bamba ukapanguswa kwa vitambaa na kwa kiganja cha mkono, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu yake, na vyote vikapitishwa kati ya magogo mawili ya mtambo kwa nguvu nyingi. Abraham Bosse wa Paris, ambaye nitamrudia, alitoa mwaka 1645 kitabu cha kuwafundisha watu kazi hii, na mwaka 1642 alikuwa amekwisha kuichora karakana ya wapiga chapa, mmoja akijaza wino, mmoja akipangusa bamba, na wa tatu akiuzungusha mtambo kwa mikono na kwa mguu. Nayataja haya kwa kuwa kila mstari tutakaouona ulitolewa shabani kwa jasho, na mtu hatoi jasho lake kwa ajili ya ufagio au sufuria ila ameona ndani ya vitu hivyo jambo la kustahili.

Albrecht Dürer alizaliwa Nuremberg mwaka 1471, katika nyumba ya sonara, na mwaka 1511 alitoa kitabu cha picha za mbao juu ya maisha ya Bikira Maria. Moja katika hizo yaonyesha kuzaliwa kwa Maria, na ajabu yake ni hii, ya kuwa mtazamaji akiifunika sehemu ya juu, ambapo malaika ameshuka katika wingu akifukiza ubani, hataona ila chumba cha mzazi katika mji wa Nuremberg siku za Dürer mwenyewe: wanawake wamejaa, mmoja ameinua chombo anakunywa, mtoto anaogeshwa, na mkunga, amechoka kwa kazi ya usiku, ameegemeza kichwa kitandani na usingizi umemchukua. Uchovu wa mkunga huyo waonekana kwangu kuwa kitu kitakatifu sawasawa na ubani wa malaika. Tena haukubuniwa na mtu asiyejua habari za uzazi, kwani Dürer aliandika katika kumbukumbu za jamaa yake ya kuwa mama yake, Barbara, alizaa watoto 18, na katika hao watatu tu ndio waliofikia utu uzima. Kijana aliyekulia katika nyumba ambamo kitanda cha uzazi na jeneza dogo vilifuatana mwaka kwa mwaka alijua vema chumba kile kina maana gani. Naye mwenyewe, alipomwoa Agnes Frey mwaka 1494, hakujaliwa mtoto hata mmoja. Agnes ndiye aliyezichukua picha za mumewe kwenda kuziuza katika maonyesho ya biashara ya Frankfurt, na Barbara, katika ujane wake, alikaa nyumbani kwa mwanawe naye akasaidia kuziuza. Ndiyo kusema, picha zilizousifu umama wa Bikira zilitoka mikononi mwa mwanamke asiyezaa na mikononi mwa mwanamke aliyezika watoto 15 au karibu ya hapo, na sijui kama yupo mtu awezaye kuzitazama kama zamani akiisha kulifahamu jambo hili. Mwaka 1514 Dürer alimchora mama yake kwa makaa, mifupa ya shingo imetokeza na macho yamezama. Na katika mwaka huo huo Barbara alifariki.

Katika kitabu hicho hicho cha Bikira yumo Yusufu pamoja na jamaa yake walipokuwa wakimbizi Misri. Yusufu anachonga gogo. Maria anasokota uzi kando ya kitanda cha mtoto. Na malaika wadogo, vitoto vyenye mabawa, wanaokota maranda yanayoruka kutoka kwa chombo cha seremala na kuyatia katika kikapu, wakiifanya kazi ile kwa furaha ya watoto waliopewa ruhusa ya kuwasaidia watu wazima. Hapana kanisa wala padri mahali pale, wala mtu aliyepiga magoti mbele ya madhabahu. Mungu Baba anatazama kutoka juu, na anachokitazama ni kazi ya mikono. Mafundisho mengi ya vitabu vya dini yalikuwa yamesema ya kuwa kazi ya halali ni ibada, lakini hapa neno hilo lilisemwa kwa maranda na kikapu, na mtu asiyejua kusoma alilisoma.

Fikira hiyo ilichukuliwa mbali zaidi na mafundi wa Antwerp, hasa Hieronymus Wierix, aliyezaliwa mwaka 1553 na kufa mwaka 1619, ambaye alichonga mfululizo wa picha ndogo sana juu ya utoto wa Yesu. Humo mtoto Yesu amekuwa mwanafunzi wa seremala kwa kweli: anafagia maranda, anamsaidia Yusufu katika ujenzi, na wanaunda hata mashua, nao malaika wanashika mbao na kupiga misumari, huku mama akiendelea na kazi yake ya nyuzi pembeni. Usafi wa mistari ya Wierix hauna mfano. Ukitia jicho karibu waona nyuzi za mti katika kila ubao. Tena, kwa kuwa nimesema picha hizi ni wasia, ni insafu kusema ya kuwa waliouchonga wasia huo hawakuwa wote watu wa kuufuata. Christophe Plantin, mpiga chapa mkubwa wa Antwerp, aliandika kwa uchungu ya kuwa Wierix na ndugu zake walikuwa wakifanya kazi siku chache, kisha wakaupeleka ujira wao kwenye nyumba za ulevi, na ilimbidi mtu kuwatafuta huko na kuzikomboa zana zao zilizowekwa rehani. Mimi sioni kwamba habari hii yaipunguzia picha heshima yake. Mtu aweza kuitamani nyumba tulivu kwa moyo wake wote kwa sababu yake hana.

Kutoka Antwerp, kwa mikono ya mapadri wa Shirika la Yesu, vitabu na karatasi hizi zilivuka bahari. Mwaka 1580 mapadri walimkabidhi Sultani Akbar, katika mji wake wa Fatehpur Sikri huko Bara Hindi, Biblia ya lugha nyingi iliyopigwa chapa na Plantin, yenye picha za shaba. Na mwaka 1600 kijana wa Kiislamu wa nchi hiyo, mchoraji Abul Hasan, mwenye umri wa miaka 13, alinakili umbo la Mtakatifu Yohana kutoka katika picha ya shaba ya Dürer, kwa mkono ambao wakubwa wake wangeweza kuuonea wivu. Kitabu cha Injili chenye picha 153, kilichotolewa Antwerp mwaka 1593 na ambacho ndugu Wierix walikuwa miongoni mwa wachongaji wake, kilifika hata Uchina, na huko picha zake zikachongwa upya katika mbao kwa namna ya Kichina.

Turudi Ulaya, maana jambo kubwa lilikuwa limetukia ndani ya nyumba zenyewe. Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimo Ndogo, na katika sehemu zake aliandika ya kuwa mambo hayo ndiyo ambayo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumba yake kwa njia nyepesi. Kwa agizo hilo baba alitiwa kilemba cha ualimu wa dini, na meza ya chakula ikawa darasa. Hapakuwa tena na utawa wa kusifiwa kuwa bora kuliko ndoa. Walioitaka njia ya wokovu waliambiwa waitafute kati ya mke, watoto na watumishi. Ndipo picha ya jamaa wakiomba kabla ya kula ikaenea katika nchi za Waprotestanti, na aliyeichora kwa utulivu mwingi kupita wote ni yule Abraham Bosse niliyemtaja, Mprotestanti katika nchi ya mfalme Mkatoliki.

Picha yake ya kubarikia meza ni ya miaka ya 1630. Wazazi na watoto wameizunguka meza iliyotandikwa nguo nyeupe, mikono imekutanishwa, hakuna aliyegusa chakula, na ukutani, mahali ambapo katika nyumba ya Mkatoliki pangetarajiwa msalaba au sanamu ya mtakatifu, zimetundikwa Amri Kumi. Kila mtu amekaa mahali pake kwa daraja yake. Mtu aliyezoea uchangamfu wa watoto atashangaa ya kuwa hata mdogo wao hatikisiki. Hapa wasia umeshika usukani, na fundi amekubali. Hata hivyo, picha hii yanitia huzuni kila niitazamapo, kwa sababu ya jambo ambalo Bosse hakulijua. Alifariki mwaka 1676. Miaka 9 baadaye, mwaka 1685, Mfalme Louis XIV aliifuta amri ya Nantes ya mwaka 1598 iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa uhuru wa dini yao, na katika amri mpya akawakataza kukusanyika kwa ibada mahali popote, hata katika nyumba ya mtu binafsi. Meza ile yenye utulivu ikawa jambo la kufichwa, na maelfu kwa maelfu wakaihama nchi ili wapate kuomba pamoja na watoto wao. Picha iliyokuwa wasia wa adabu ikageuka kuwa kumbukumbu ya haki iliyopokonywa.

Katika nchi ya Waholanzi hapakuwa na hofu ya namna hiyo, na picha za nyumba zilizaliana. Adriaen van Ostade wa Haarlem alichora mwaka 1653 wakulima maskini wakiomba juu ya chakula chao kichache, na ni jambo jema alilolitenda, kwani Bosse alikuwa ametuonyesha dua ya wenye nguo nzuri. Jacob Cats, mwanasheria na mshairi aliyepata baadaye cheo kikubwa katika serikali ya Holland, alitoa mwaka 1625 kitabu kinene juu ya ndoa, chenye picha zilizobuniwa na Adriaen van de Venne, akamfuata mwanamke tangu ubikira hadi uchumba, uarusi, uke, umama na ujane, akimpa nasaha katika kila daraja. Msomaji aliyelelewa kwa tenzi za wasia atautambua mara moja mtindo huu, pamoja na uzuri wake na uzito wake. Jambo moja lanikera: nasaha zote hizo zatoka kwa mwanamume. Mwanamke anaongozwa, anafundishwa, anapangiwa.

Kwa hiyo nafurahi kwamba katika nchi hiyo hiyo, na katika miaka ya kati ya karne hiyo, alikuwako mwanamke mwenye ncha ya chuma mkononi. Geertruydt Roghman alizaliwa mwaka 1625 katika jamaa ya wachoraji na wachongaji wa Amsterdam, na alituachia picha tano za wanawake kazini: mmoja anashona, mmoja anasokota, mmoja anakunja vitambaa, mmoja anapika, na mmoja anasugua vyombo. Ndani yake hamna baba wa kufundisha, wala malaika, wala beti za nasaha. Baadhi ya wanawake hao wametugeuzia mgongo. Twaona kisogo, mabega, na vyombo vilivyotapakaa sakafuni vikingoja zamu yao. Wachoraji wanaume wa zama zake, walipomwonyesha mwanamke jikoni, mara nyingi walimgeuza atutazame, atabasamu, au awe fumbo la uvivu na tamaa. Roghman hakumwomba mwanamke wake chochote. Alimwacha afanye kazi, naye akaketi nyuma yake kwa subira akaihesabu mikunjo ya nguo yake. Sisiti kuziita picha hizi tano picha za ibada, ijapokuwa hamna mtu anayeomba ndani yake, kwa kuwa uangalifu wa namna hiyo juu ya kazi ya mtu mwingine ni aina ya heshima ambayo mahubiri mengi hayakuifikia.

Jan Luyken wa Amsterdam alikwenda njia nyingine. Mwaka 1694, pamoja na mwanawe Caspar, alitoa kitabu cha kazi 100 za binadamu, kila moja na picha yake ya shaba. Caspar alifariki mwaka 1708, na mwaka 1711 mzee huyo, aliyekuwa mcha Mungu mwenye maisha ya kujinyima, alitoa kitabu juu ya vyombo vya nyumbani, picha 50 zenye mashairi, ambamo kila kitu cha nyumba kimegeuzwa kuwa mwalimu wa roho. Mwaka uliofuata, mwaka wa kufa kwake, ndipo kilipotoka kitabu chake cha picha 51 juu ya mambo ya watoto, michezo yao na kukua kwao. Mafunzo yake mengine ni mepesi, nakiri, na mara nyingine kitu chavutwa kwa nguvu ili kitoe mafundisho ambayo hakina. Lakini baba aliyempoteza mwanawe, aliyekuwa mwenziwe wa karakana, kisha akaketi kuchora viti na vitanda na watoto wanaojifunza kutembea, ana haki ya kusikilizwa kwa taratibu.

Mwisho wa njia yetu yuko mchoraji Chardin wa Paris, ambaye picha yake ya rangi ya dua kabla ya chakula alipewa Mfalme Louis XV mwaka 1740, na mwaka 1744 mchongaji Lépicié akaichonga katika shaba ili hata watu wa kawaida waipate. Mama anapakua, mtoto mdogo, ngoma yake imetundikwa kwenye kiti, anasema dua, dada yake anangoja. Baba hayumo. Miaka mia moja hivi baada ya Bosse, ualimu wa dini ya nyumba umepita mikononi mwa mama, na Amri Kumi zimeondoka ukutani.

Nimeiweka nyuma picha moja ambayo naiona kuwa juu ya zote. Mwaka 1651 Rembrandt alichora kwa sindano, katika bamba dogo, habari ya Tobiti, mzee kipofu wa kitabu ambacho Waprotestanti hawakukihesabu kuwa Maandiko, ila walikipenda kwa ajili ya mapenzi ya jamaa yaliyomo ndani yake. Mwanawe Tobia amerudi kutoka safari ndefu. Mzee amesikia, ameinuka kitini kando ya moto, ameliangusha gurudumu la mkewe la kusokotea, mbwa wa mwanawe aliyetangulia amejitia kati ya miguu yake, na mkono wake ulionyoshwa unautafuta mlango mahali ambapo mlango haupo. Atagonga ukuta. Kivuli chake kimekwisha kufika pale kabla yake. Hapa hakuna anayefundishwa kukaa wima wala kufunga mikono. Adabu yote ya meza ya Bosse imeangushwa pamoja na gurudumu lile, na bado sijaona katika sanaa ya Ulaya picha iliyosema zaidi juu ya baba na mwana. Rembrandt alijua wasia wote wa zama zake, akauweka kando, akamfuata mzee.

Karatasi za picha hizi zimehifadhiwa kwa wingi Amsterdam katika Rijksmuseum, London katika British Museum, na Paris katika maktaba ya taifa. Hazitundikwi ukutani daima, kwa kuwa nuru huidhuru karatasi. Hulazwa gizani ndani ya makasha, na zipo kumbi ambamo mgeni, akiomba kwa utaratibu wa mahali pale, huletewa na kuwekewa mezani. Nawasihi wale kati yenu, hasa vijana, watakaojaliwa kufika katika miji hiyo kwa masomo au kwa kazi, wasitosheke na turubai kubwa za majumba yale. Waombe waletewe Tobiti wa mwaka 1651, na zile picha tano za Geertruydt Roghman.